Dawa za steroidi na utumbo unaowaka

Mtu anapohara damu, katika nchi zetu tunafikiria kwanza amiba au vijidudu vingine, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini wapo wanaohara damu kwa miezi, wakatibiwa vijidudu hivyo na wasipone. Baadhi yao hugunduliwa kuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, au ndugu yake, ugonjwa wa Crohn. Wengi wao huandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Mwezi huu tuitazame dawa hiyo.

Ukuta wa utumbo

Ndani, utumbo umefunikwa na utando laini wenye safu moja tu ya chembe hai zilizoshikamana. Chembe hizo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Utando huo huruhusu maji na chakula kuingia mwilini, na huwazuia vijidudu. Katika magonjwa haya, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huushambulia utumbo wenyewe. Utando huvimba, huwa mwekundu, hupasuka na kutoa damu na ute.

Kazi ya steroidi

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo itengenezayo homoni ya kortizoli, ambayo ni steroidi ya asili. Prednisoloni huiga homoni hiyo, kwa nguvu zaidi. Huingia ndani ya chembe na kuzima amri zinazowaita askari wale. Uvimbe hupungua, mishipa huacha kuvuja, na utando hupata nafasi ya kujijenga.

Nguvu yake ilithibitishwa Uingereza. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya wagonjwa 210 wa vidonda vya utumbo mpana. Baada ya majuma 6, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa kortisoni, kama 41 walitulia kabisa. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 16 tu.

Kuzima moto si kujenga nyumba

Steroidi huzima moto, lakini haiwezi kuuzuia usiwake tena. Mgonjwa huweza kujisikia mzima huku utando haujapona sawasawa. Kwa hiyo daktari humpa dawa nyingine za kutunza nafuu. Kumeza steroidi kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huvimbisha uso, na hufungulia njia magonjwa ya kuambukiza.

Kuacha ghafla nako ni hatari. Mtu akitumia dawa hizi kwa majuma kadhaa, tezi zake hulala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na vidonge. Akikatisha siku moja, anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na hata kuzimia. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, ili tezi ziamke.

Tusigawiane vidonge

Hapa tunasisitiza. Kuhara damu kwa amiba hufanana sana na ugonjwa huu, na kifua kikuu cha utumbo hufanana na ugonjwa wa Crohn. Mwenye amiba akipewa steroidi, kinga yake hulegea, amiba hutoboa utumbo, naye anaweza kufa. Basi choo kipimwe kwanza, na ikiwezekana utumbo uangaliwe kwa kifaa maalumu. Vidonge vilivyomfaa jirani visiletwe nyumbani kwa mtoto anayehara.

Anayetumia steroidi amweleze kila mganga anayemtibu, hasa kabla ya upasuaji. Akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au damu ikirudi, awahi hospitali. Na vidonge vikikaribia kwisha, tumsaidie nauli mapema, asije akakatisha dawa kwa kukosa shilingi chache.