Wazee Wetu Hawakurogwa
Mzee anaposahau njia ya kwake, wapo wasemao karogwa. Wengine husema ni uzee tu. Kauli zote mbili hazitoshi. Ubongo una walinzi wake, chembe ziitwazo mikroglia, wanaoondoa taka na kupambana na maradhi. Umri ukisogea, walinzi hao nao huzeeka: taka hubaki, na ghadhabu yao haitulii. Uvimbe huo wa kudumu huumiza chembe za fahamu, na huchangia maradhi ya Alzheimer, ambayo daktari wa jina hilo aliyaeleza huko Ujerumani mwaka 1906. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Hata hivyo, shinikizo la damu, kisukari na sigara, ambavyo huzidisha hatari, vyaweza kudhibitiwa. Hivyo vituo vya afya havina budi kuwapima wananchi tangu umri wa makamo. Nasi jamaa tuwatunze wazee, tusiwatenge.