Kuvuta si Kubeba: Kuchagua Pikapu ya Dizeli kwa Tela la Kusafiria

Pikapu nzito ya dizeli hununuliwa kwa nguvu zake za kuvuta, lakini kinachoiweka mashakani mara nyingi ni kingine kabisa: uzito inaoubeba mgongoni. Kuvuta ni kazi ya injini na gia. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli, matairi na fremu. Kila kazi ina kipimo chake, na familia nyingi za Afrika Mashariki zinazonunua tela la kusafiria huku Marekani huambiwa kipimo cha kwanza dukani, kisha hukigundua cha pili barabarani: pikapu imeinua pua, taa zinamulika matawi ya miti, na tela linayumba kila lori linapopita.

Hesabu huanzia kwenye tela, si kwenye gari. Tela lina lebo ubavuni, upande wa kushoto karibu na mbele, na juu yake kuna herufi GVWR. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho tela na vyote vilivyomo ndani yake haviruhusiwi kukipita. Matangazo ya mauzo hupenda kutaja uzito mwingine, ule wa tela tupu, na uzito huo haumsaidii msafiri kwa lolote, kwa sababu hakuna anayekwenda kambini na tela tupu. Galoni moja ya maji ina uzito wa paundi 8.3, kwa hiyo tenki la galoni 50 likijazwa huongeza paundi 415 peke yake. Baada ya maji huja mitungi ya gesi, matandiko, viti vya kukunja, jiko la mkaa, kreti za soda na sufuria ya pilau ya ukoo mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Anayechagua pikapu aichukue GVWR ya tela kuwa ndiyo uzito wake, na asikubali kubishaniwa.

Sehemu ya uzito huo haivutwi, bali hubebwa. Shingo ya tela, yaani ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye kiungio cha pikapu, hukandamiza kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ikipungua chini ya 10, tela huanza kuyumba. Matela makubwa yanayofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hukandamiza zaidi: asilimia 15 hadi 25. Uzito wa shingo huingia kwenye hesabu ya mzigo wa pikapu sawasawa na gunia la mchele lililotupwa ndani ya bodi.

Uwezo wa pikapu wa kubeba umeandikwa kwenye stika ya matairi, iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Inasema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi paundi fulani, na idadi hiyo huhesabiwa kwa gari lile lile lenye stika. Pikapu mbili za jina moja, mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana kwa mamia ya paundi, kwa sababu moja ina paa la kioo, viti vya umeme na ngazi za pembeni, na nyingine haina. Ndiyo maana idadi ya kwenye kijitabu cha matangazo, au ya jirani aliyenunua gari kama hilo, haitoshi. Mnunuzi afungue mlango wa gari analotaka kulilipia, asome, apige picha.

Mfano unaonyesha watu wanaponaswa. Tela lina GVWR ya paundi 9,500, na shingo yake inakandamiza kwa asilimia 13, yaani paundi 1,235. Kiungio chenyewe ni paundi 100. Baba, mama na watoto watatu wanafika paundi 640. Dereva naye huhesabiwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Ndani ya bodi kuna jenereta, baiskeli, makasha ya barafu na kuni, jumla paundi 350. Hesabu nzima ni paundi 2,325. Pikapu ya dizeli ya daraja la 2500 au F-250, yenye milango minne na magurudumu manne ya kuvuta, inaweza kuwa na stika ya paundi 2,150 tu. Muuzaji amesema gari linavuta zaidi ya paundi 15,000, na hakudanganya. Familia imeondoka na tela la paundi 9,500, mbali kabisa na kikomo hicho, na bado pikapu imezidiwa kwa paundi 175 kabla haijatoka mtaani.

Idadi ya kuvuta inayotangazwa hutokana na kanuni ya majaribio iitwayo SAE J2807. Kanuni hiyo ni nzuri, na imewazuia watengenezaji kujipangia namba kama wapendavyo. Magari hupandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona wakati wa joto, hupimwa breki na hupimwa uthabiti. Lakini gari la majaribio hubeba watu wawili wa paundi 150 kila mmoja, na karibu basi. Halina watoto, halina bibi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa, halina kuni. Kila paundi inayoongezwa ndani ya gari huliwa kutoka kwenye idadi ile.

Chanzo kingine cha mkanganyiko ni dizeli yenyewe. Injini ya dizeli na vifaa vyake huizidi ya petroli kwa mamia ya paundi, na uzito huo huondolewa kwenye uwezo wa kubeba. Pikapu nyingi za daraja la 2500 na F-250 husajiliwa na GVWR ya paundi 10,000, kwa sababu hapo ndipo mpaka wa daraja kisheria ulipo. Pikapu yenyewe ikiwa tupu huweza kukaribia paundi 8,000, kwa hiyo kinachobaki kwa watu na mizigo ni paundi 2,000 na kitu. Daraja la 3500 na F-350 hufanana nayo sana kwa macho na kwa injini, ila GVWR yake huanzia karibu paundi 11,000 na kupanda. Tofauti ya bei kati ya madaraja haya mawili ni ndogo ukilinganisha na bei nzima ya gari. Kwa tela linalozidi paundi 9,000, familia kubwa haina sababu ya kung'ang'ania daraja la chini. Magurudumu pacha ya nyuma yanahitajika kwa matela mazito ya kufungwa ndani ya bodi. Kwa tela la kawaida huongeza tu usumbufu wa maegesho.

Hapa ndipo serikali inapomwacha mnunuzi gizani. Sharti la stika inayotaja uzito wa watu na mizigo linahusu magari yenye GVWR isiyozidi paundi 10,000. Juu ya hapo, pale ambapo mizigo ni mikubwa na hatari ni kubwa zaidi, sheria haimlazimishi mtengenezaji kuibandika; inatosha lebo ya GVWR na ya kikomo cha kila ekseli, yaani GAWR. Mnunuzi wa 3500 anaachiwa apige hesabu mwenyewe. Ni uzembe usio na udhuru, lakini njia ya kuuzunguka ipo: gari lijazwe mafuta, lipelekwe kwenye mizani, na uzito utakaopatikana utolewe kwenye GVWR. Kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba.

Mizani hizo zimejaa kwenye vituo vya malori kando ya barabara kuu, nyingi zikiwa na jina la CAT Scale. Kupima hugharimu dola chache na huchukua dakika chache. Gari hupimwa mara mbili: likiwa na tela na familia nzima ndani, kisha pikapu peke yake na watu wale wale. Risiti huonyesha uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma na za tela. Tofauti ya uzito wa pikapu kati ya vipimo viwili ndiyo uzito ambao tela linaitwika kweli. Ekseli ya nyuma ilinganishwe na GAWR yake, kwa kuwa inaweza kuzidiwa hata pale jumla ya gari inapokuwa ndani ya kikomo.

Kiungio nacho kina vikomo vyake, vilivyoandikwa kwenye lebo chini ya bampa: kimoja kwa tela lililofungwa moja kwa moja, kingine kikubwa zaidi kwa kiungio chenye vyuma vya kugawa uzito. Vyuma hivyo hurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na kwenye magurudumu ya tela, pua ya pikapu ikashuka na usukani ukawa mzito mkononi kama inavyotakiwa. Havibadilishi GVWR hata kidogo. Springi za ziada na mifuko ya hewa pia haziibadilishi, ingawa huuzwa kwa maneno yanayodokeza hivyo. Gari lililoacha kuinama bado linaweza kuwa limezidiwa.

Baada ya uzito kueleweka, uchaguzi wa injini huwa mwepesi. Soko lina tatu: Power Stroke ya lita 6.7 ya Ford, Cummins ya lita 6.7 yenye silinda sita mstari mmoja ndani ya Ram, na Duramax ya lita 6.6 ya Chevrolet na GMC. Zote huvuta tela la paundi 10,000 bila kutoa jasho, na ubishi wa barazani kuhusu ipi ni bingwa hauna uzito kwa msafiri wa familia. La maana ni kama dizeli inahitajika kabisa. Huongeza takriban dola 10,000 kwenye bei. Faida yake huonekana milimani. Kwenye barabara ya I-70 huko Colorado, handaki la Eisenhower liko zaidi ya futi 11,000 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, ilhali turbo hulinda sehemu kubwa ya nguvu za dizeli. Kwenye mteremko, breki ya ekzosi huzuia gari bila kuchoma breki za magurudumu. Anayeishi Texas au Ohio, akavuta tela wikendi sita kwa mwaka na siku nyingine akapeleka watoto shule, atahudumiwa vizuri na petroli ya daraja lile lile, na atapata uwezo mkubwa zaidi wa kubeba.

Safari fupi ni adui wa dizeli za leo. Kichujio cha masizi hujisafisha kwa joto, na joto hilo hupatikana gari likikimbia kwa muda barabara kuu. Mizunguko ya dukani hukijaza hadi gari lipunguze nguvu lenyewe. Gari pia hutumia DEF ili kusafisha moshi, majimaji ya urea ya asilimia 32.5 yanayomiminwa kwenye tenki lake, ambalo kwa kawaida lina kifuniko cha buluu. DEF ikimiminwa kwenye tenki la mafuta, mfumo mzima wa mafuta huweza kuharibika. DEF huganda kwenye nyuzi 11 za selsiasi chini ya sifuri. Gari lina kipashajoto chake, lakini makopo ya akiba yasiachwe nje Minnesota wakati wa baridi. Rangi ya bomba la mafuta nayo isiaminiwe: vituo vingi hutumia kijani kwa dizeli, lakini baadhi huitumia kwa petroli. Kinachosomwa ni maandishi.

Gari lililotumika linaweza kuwa limeng'olewa vifaa hivi vya kusafisha moshi, na wauzaji husifia jambo hilo kama nafuu. Ni kinyume cha sheria ya shirikisho, na katika majimbo yanayopima moshi gari hilo halitasajiliwa. Fundi wa dizeli asiyemjua muuzaji alikague kabla ya fedha kutolewa. Wala asinunue mtu kwa wazo la kulisafirisha nyumbani baadaye: Kenya hairuhusu magari ya kawaida ya usukani wa kushoto wala yenye zaidi ya miaka minane, na vifaa hivi vya moshi vilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, kwa hiyo mafuta ya huko nayo yangepaswa kuulizwa kwanza.

Linabaki suala la leseni, na hapa maofisa huchosha. Sheria ya shirikisho haidai leseni ya kibiashara kwa safari binafsi, lakini kila jimbo lina lake. Texas hudai leseni ya daraja A isiyo ya kibiashara pale GVWR za gari na tela kwa pamoja zinapozidi paundi 26,000 na tela likazidi 10,000. California huanza kudai zaidi ya leseni ya kawaida tela linapozidi paundi 10,000. Karani wa dirishani mara nyingi husoma jibu la magari madogo na kumwambia mteja aende zake; askari wa barabarani hatalipokea jibu hilo. Kitabu cha madereva wa magari makubwa cha jimbo husika ndicho kisomwe, na ukurasa wake uhifadhiwe.

Hatari kubwa zaidi huja pikapu ile ile inapoanza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, gari la rafiki hapa, samani za mteja pale. Siku hiyo safari huacha kuwa ya binafsi. Gari na tela vinavyozidi paundi 10,000 kwa pamoja, vikivuka mpaka wa jimbo kibiashara, huhitaji namba ya USDOT na cheti cha afya cha dereva, na bima ya kawaida ya familia hukataa kulipa ajali ya kazi hiyo. Kabla ya mzigo wa kwanza, kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi, na ijibu kwa maandishi. Jibu la simu halitasaidia chochote mbele ya hakimu.