Lafudhi, Kinyago na Neno "Maonyesho": Kazi za Brendan Fernandes wa Kanada

Mkaaji wa Mandewa, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba lafudhi ni kitambulisho. Kinyaturu na Kinyiramba, lugha za Kibantu, husikika huko pamoja na Kiswahili. Na katika nchi iliyo jirani zapatikana pia Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kinilo, na, kuelekea Ziwa Eyasi, Kihadza chenye vidoko vyake. Mtu afunguapo kinywa sokoni, kabla hajamaliza kutaja bei, wasikiao wamekwisha kujua alikotoka. Jambo hili, ambalo Mandewa ni la kawaida mno hata halitajwi, limefanywa kuwa kazi ya sanaa na mtu wa Kanada aliyezaliwa Afrika Mashariki.

Brendan Fernandes alizaliwa Nairobi mwaka 1979, katika jamaa yenye asili ya Goa, naye akahamia Kanada angali mtoto. Alisoma Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, kisha Chuo Kikuu cha Western Ontario. Alijifunza pia kucheza baleti, mpaka alipoumia na kuiacha njia hiyo. Mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa walioteuliwa katika hatua ya mwisho ya tuzo ya Sobey, ambayo hutolewa kwa wasanii wa Kanada.

Kazi inayowahusu zaidi wanaisimu ni ile iitwayo Foe, ya mwaka 2008. Ni filamu fupi ya video, isiyofikia dakika tano. Ndani yake Fernandes anajifunza kwa mwalimu wa matamshi namna ya kusema kwa lafudhi zinazodhaniwa kuwa zake kwa asili: ya Kihindi, ya Kikenya na ya Kikanada. Kifungu anachokisoma kimetolewa katika riwaya ya J. M. Coetzee yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1986, ambayo yakisimulia upya kisa cha Robinson Crusoe. Nacho chamhusu Friday, mtumishi ambaye yasemekana alikatwa ulimi. Basi mtu mwenye ulimi mzima anahangaika kutamka, na kusahihishwa, katika habari za mtu asiye na ulimi. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye hutumia neno "ulimi" kwa kiungo na pengine kwa usemi wenyewe, maana ya kisa hicho iko karibu sana.

Yamkini mtu atauliza: lafudhi ya Kikenya ni ipi? Kenya ina lugha zaidi ya arobaini, na Mluo hatamki Kiingereza kama Mkikuyu, wala mtu wa Mombasa kama mtu wa Eldoret. Hoja hiyo ni ya haki, walakini haiivunji kazi hii. Kinachofundishwa katika video hiyo ni lafudhi kama isikiwavyo na mgeni, yaani sauti moja iliyobandikwa juu ya watu wengi. Mwanafunzi anaposhindwa kuiga lafudhi inayosemwa kuwa yake mwenyewe, kosa laonekana kuwa katika jina la lafudhi, si katika ulimi wake.

Fikira hiyohiyo imo katika kazi zake za vinyago. Mwaka 2015 jumba la sanaa la Seattle lilifanya maonyesho yaliyoitwa Disguise, nayo yakapelekwa Brooklyn mwaka 2016. Humo Fernandes aliweka sanamu za paa za plastiki, za aina itumiwayo na wawindaji wa Marekani kuwavutia wanyama, akazivika vinyago vyeupe vinavyofanana na vile vinavyouzwa kwa watalii. Yafaa ikumbukwe kwamba vinyago vingi vya madukani huuzwa kwa jina la Wamasai, ilhali Wamasai hawana jadi ya kuvaa vinyago. Jadi hiyo ni ya watu wengine, Wamakonde wakiwamo, na lipiko lao halitundikwi ukutani bali huchezwa. Neno "kinyago" lenyewe ni pana, maana hujumlisha sanamu na cha kuvaa usoni. Neno "barakoa", ambalo zamani lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, tangu mwaka 2020 limekwisha chukuliwa na hospitali.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapopata tabu. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, hutenga sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho: za kwanza ni uchoraji, uchongaji na mfano wa hayo, za pili ni ngoma, maigizo na kadhalika. Lakini "maonyesho ya sanaa" ni mahali panapotazamwa picha na sanamu! Mwaka 2019, katika jumba la Whitney mjini New York, Fernandes alionyesha The Master and Form, ambapo wachezaji wa baleti, kwa saa zilizopangwa, walishika mikao yao katikati ya vifaa alivyovibuni; walipoondoka, vifaa vilibaki vikitazamwa kama sanamu. Ni sanaa ya ufundi au ya maonyesho? Msimamizi wa jumba akitakiwa kuandika kibandiko kwa Kiswahili atakwama, isipokuwa aangalie ngeli. "Onyesho" ni tendo moja lenye mwanzo na mwisho, "maonyesho" hudumu siku nyingi na milango hufunguliwa asubuhi. Wachezaji walipoingia, onyesho lilikuwa ndani ya maonyesho.