Tusipoteze Mbegu ya Perege Wetu

Sisi wafugaji wa Mbulu na Hanang tunajua: dume la kigeni likimpanda ng'ombe wa kienyeji, ndama ni chotara. Vizazi vikipita, mbegu ya kienyeji hupotea. Samaki nao ni hivyo hivyo.

Katika maziwa ya Manyara na Eyasi yupo perege ambaye asili yake ni Tanzania tu. Maziwa haya hayana mto unaokwenda baharini. Jua hukausha maji, magadi hubaki. Perege huyu ameyazoea maji hayo makali.

Sato ni samaki mwingine. Hukua haraka, ndiyo maana watu humfuga mabwawani. Lakini akitoroka wakati wa mafuriko, aweza kuzaana na perege wa kienyeji. Chotara wao tutamjuaje? Kwa macho ni vigumu. Wataalamu hukata kipande kidogo cha pezi na kupima urithi uliomo.

Basi tufanye nini? Tuchimbe mabwawa mbali na mito. Tuweke wavu pale maji yanapotokea. Tusimwage vifaranga vya sato ziwani. Kabla ya kununua vifaranga, tumwone bwana samaki. Mbegu ikishachanganyika, kuitenganisha tena ni kazi ngumu mno.