Kabati la jiko: rangi, milango mipya, ao kuanza upya?

Wamama, wiki hii tuliingia jikoni kwa mwenzetu mmoja hapa Kampemba. Zamu yake ya likelemba imefika, na fundi amemwambia abomoe kabati lote. Lakini feza ni ileile inayongojewa na minerval ya watoto wawili wa sekondari, mwezi wa tisa.

Tulitoa vyombo vyote, tukachoma mbao kwa ncha ya kisu, zaidi karibu na mahali pa kuoshea sahani. Kabati lenyewe ni la mukula, kisu kiligoma. Milango miwili tu ndiyo ya aglomere, lile vumbi la mbao lililoshikwa kwa gundi. Imekunywa maji, imevimba. Aglomere ikivimba hairudi, na kuipaka rangi ni kutupa feza. Basi hiyo miwili ibadilishwe, mingine ipakwe. Fundi hakufurahi.

Lakini rangi haishiki juu ya mafuta, na sisi tunaokaanga samaki kila siku, milango yetu ina mafuta hata pasipoonekana. Tuioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, tuisugue kwa msasa, tupanguse vumbi. Ndipo rangi ya mafuta, mara mbili, nyembamba, na siku moja katikati. Tusingojee mwezi wa nane: upepo utaleta vumbi jekundu lishike juu ya rangi mbichi.

Kama mchwa wangekuwa wamekula mgongo wa kabati, tungemkubalia fundi. Atarudi siku ya posho na milango yake miwili.