Je, Wajua? Yai la Kasa Hulipa Likianguliwa

Je, wajua kwamba kisiwani Mafia, Tanzania, mtu akikiona kiota cha kasa na kukiacha salama hulipwa? Shirika la Sea Sense humpa kiasi kidogo anapotoa taarifa. Mayai yakianguliwa hulipwa tena, na watoto wakiwa wengi, malipo huongezeka.

Kasa jike hupanda ufukoni usiku. Huchimba kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai ya mviringo yapatayo 100, hufukia, kisha hurudi majini. Hawajui watoto wake. Akitaga mahali panapofikiwa na maji ya bamvua, walinzi wa kijiji hukihamishia kiota juu, yai moja moja, bila kuligeuza. Lililogeuzwa huweza kufa.

Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya watoto: likizidi, huzaliwa majike wengi.

Nako Watamu, Kenya, mvuvi akimnasa kasa wavuni huwapigia simu wahifadhi ili achukuliwe, apimwe, aachiwe.

Kasa wa aina ya uziwa huchukua zaidi ya miaka 20 kupevuka. Kwa hiyo anayemchinja mmoja anaua miongo. Ukimwona anapanda kutaga, zima tochi, kaa mbali, mwite mlinzi wa kijiji.