Barafu Chini ya Barabara: Kwa Nini Ardhi Hulegea Baada ya Baridi

Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, wenye malori huujua vyema msimu ambao barabara huwa dhaifu kuliko nyakati zote. Mtu angedhani kuwa ni katikati ya baridi kali, wakati ardhi imefunikwa na theluji. La, hasha! Wakati huo ardhi huwa imara mno, hata katika jimbo la Minnesota sheria huruhusu malori kuongeza uzito kwa asilimia 10. Hatari huja baadaye, jua linapoanza kuipasha ardhi. Hapo wakuu wa barabara hupunguza uzito unaoruhusiwa kwa majuma kadhaa. Je, ni jambo gani linalotendeka chini ya lami?

Udongo ni mkusanyiko wa chembe za madini zenye nafasi kati yake, na nafasi hizo hujaa hewa, maji, au vyote viwili. Nguvu ya udongo hutokana hasa na msuguano wa chembe zinazokandamizana. Maji yakiganda, barafu huzishika chembe hizo kama saruji ishikavyo kokoto, nao udongo huwa mgumu kama jiwe. Kwa hiyo kuganda peke yake hakuudhoofishi udongo.

Lakini pamoja na ugumu huo ardhi huvimba. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba maji yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Hebu tufanye hesabu. Tuseme udongo umeganda hadi kina cha mita 1, na maji ni asilimia 40 ya ujazo wake. Kutanuka kwa maji hayo kungeinua uso wa ardhi kwa sentimita 3.6 tu. Hata hivyo, barabara zimepata kuinuka kwa zaidi ya sentimita 10 katika msimu mmoja. Basi uvimbe huo uliozidi watoka wapi?

Jibu lilitolewa na Stephen Taber, mwanajiolojia wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1929 na 1930. Taber aligandisha udongo uliolowanishwa kwa benzeni badala ya maji. Benzeni, tofauti na maji, husinyaa inapoganda. Lakini udongo uliinuka vilevile! Ikadhihirika kwamba chanzo kikubwa cha kuinuka si kutanuka, bali ni kimiminiko kipya kinachovutwa kutoka chini.

Kuvutwa huko hutokea hivi. Hata chini ya nyuzi 0 za sentigredi, utando mwembamba wa maji hubaki bila kuganda kuzunguka chembe za udongo. Barafu inapokua huunyonya utando huo, nao utando huvuta maji mengine kutoka chini, kama utambi wa kandili uvutavyo mafuta ya taa. Hivyo hujengeka matabaka ya barafu tupu, yaitwayo lenzi za barafu, na kila lenzi huinua kilicho juu yake. Mchanga mnene hauvuti maji mbali. Mfinyanzi huyavuta kwa nguvu, lakini huyapitisha polepole mno. Udongo ulio hatari zaidi ni ule wa chembe laini kama unga, zilizo ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za mfinyanzi.

Baridi ikiisha, barafu huyeyuka kuanzia juu. Maji yaliyokusanywa kwa miezi kadhaa huachiliwa kwa siku chache, lakini hayawezi kuzama, kwa kuwa tabaka la chini bado limeganda kama sahani isiyo na tundu. Lori likipita, uzito wake hubebwa na maji badala ya chembe. Chembe haziwezi tena kukandamizana, msuguano hupungua, na lami hupasuka kwa kukosa mhimili. Katika majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, barabara nyingi ziliharibika wakati huo wa kuyeyuka.

Madhara haya huhitaji mambo matatu kwa pamoja: baridi, maji, na udongo laini. Mhandisi akiondoa moja, ameshinda. Anaweza kuchimba udongo laini na kuweka changarawe, au kuchimba mifereji ya kuondoa maji.

Kaskazini ya mbali, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima, kazi ni kinyume: ni kuilinda barafu isiyeyuke. Bomba la mafuta la Alaska, lililojengwa kati ya 1975 na 1977, lina urefu wa kilomita 1,287. Mafuta yake yangeyeyusha ardhi, hivyo zaidi ya nusu ya bomba hilo imepandishwa juu ya nguzo. Ndani ya nguzo nyingi mna mirija yenye amonia. Wakati wa baridi amonia hugeuka mvuke chini, hupanda na joto la ardhi, hupoa juu, kisha hutiririka kurudi chini. Wakati wa joto mwendo huo husimama wenyewe. Lakini hali ya hewa ya dunia inazidi kuwa ya joto, na misingi iliyotegemea barafu ya kudumu sasa imo hatarini.

Kwetu Afrika Mashariki, udongo huganda katika milima mirefu tu. Juu kabisa katika Kilimanjaro na Mlima Kenya huganda usiku na kuyeyuka mchana, na alfajiri huonekana sindano za barafu zilizobeba chembe za udongo vichwani. Hata hivyo, kanuni ya maji kubeba uzito badala ya chembe ndiyo iharibuyo barabara zetu za udongo wakati wa masika.

Walimu wanaweza kuionyesha nguvu ya uvutaji darasani. Chukua mirija miwili ya kioo, uifunge kitambaa chini, ujaze mmoja mchanga mnene na wa pili udongo laini mkavu, kisha uisimamishe ndani ya sahani ya maji. Wanafunzi wapime kimo cha unyevu kila saa, na tena siku ya pili. Kisha waulizwe: ni udongo upi kati ya hiyo miwili wangeuchagua kuwa msingi wa barabara, na kwa sababu gani?